Mafundi, msizibane tapeti mpaka zikanyamaza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni mlio wa tapeti, yaani vyuma vinavyofungua valvu za injini, kwenye magari ya zamani. Mimi ni fundi mstaafu, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Nilianza kushika spana mwaka 1969 nikiwa na miaka 16, na kama si macho kupungua nguvu ningekuwa bado chini ya magari mpaka leo. Ninachokiandika nimekiona mezani kwangu mwezi uliopita, na kimeniuma.

Gari lenyewe ni Morris Minor 1000 la mwaka 1965, injini ya cc 1098. Marehemu shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alilinunua mwaka 1971 kwa mtu aliyekuwa anahama. Alikuwa mwalimu Lushoto, na gari hilo limepanda mlima ule wa Mombo hadi Soni mara zisizohesabika, likibeba madaftari ya wanafunzi, viazi, wagonjwa wa jirani na maharusi. Shemeji alipofariki likabaki kwa mwanawe, mpwa wangu, anayefanya kazi Dar es Salaam. Kijana analipenda gari la baba yake kupita kiasi. Nalisema hilo mapema asije akasoma barua hii akadhani namlaumu.

Mwaka jana injini ilianza kulia kwa juu, tik-tik-tik-tik, kama cherehani ya fundi nguo siku ya kuamkia Idi. Mpwa wangu akalipeleka gereji moja huko huko Dar. Jina silitaji, maana kosa lililofanyika pale linafanyika kila mahali. Fundi akafungua tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, akawasha injini, akawa anabana skrubu za roka, vile vyuma vinavyokandamiza valvu, moja baada ya nyingine huku anasikiliza, mpaka mlio ukaisha wote. Kazi ya nusu saa. Gari likatulia kama maji ya mtungini. Mpwa wangu akalipa, akanipigia simu kwa furaha.

"Shikamoo mjomba. Lile gari la mzee, sasa ukiliwasha husikii kitu!"

Nikaitikia marahaba, lakini roho ilinidunda. Nikamuuliza kama nafasi ya tapeti ilipimwa kwa filagaji, yale mabapa membamba ya kupimia. Akasema hakuona kipimo chochote, fundi alikuwa na bisibisi na spana tu.

Hazikupita wiki sita. Alikuwa anampeleka mama yake Lushoto. Walipoanza kupanda mlima kutoka Mombo, gari likakosa nguvu, likaanza kutetemeka, na kwenye ekzosi kukawa kunatoka pumzi fupi fupi, pfu, pfu, pfu. Walifika Soni kwa gia ya kwanza. Kutoka hapo lilishushwa hadi Tanga juu ya lori, na dada yangu, mtu mzima wa miaka 79, akashuka mlima kwa basi akiwa amenyamaza njia nzima.

Nilipopima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa, silinda ya 1, ya 2 na ya 4 zilikuwa zinasukuma vizuri. Ya 3 haikuwa na kitu. Nikafungua hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, nikaiweka juu ya meza, nikamimina mafuta ya taa kwenye chemba zake. Kwenye chemba tatu yakakaa. Kwenye ile ya silinda ya 3 yakapita kama kwenye chujio. Valvu ya ekzosi ya silinda hiyo ilikuwa imeliwa ukingoni, pengo lenye upana wa ukucha wa kidole kidogo, na kuta za pengo zimelainika kama chuma kilichokatwa na gesi ya mchomeaji. Hivyo ndivyo ilivyokatwa hasa.

Kwa ambao hawajawahi kuifungua injini hii, nieleze. Kamshafti, mhimili wenye vinundu vya kuinulia valvu, iko chini ubavuni mwa bloku, yaani kiwiliwili cha injini. Inainua tapeti, tapeti inainua pushrodi, pushrodi inasukuma mkia wa roka, na ncha ya pili ya roka inakandamiza valvu ifunguke. Valvu ikiwa imefunga, lazima ibaki nafasi kati ya ncha ya roka na mpini wa valvu. Kwa Morris hii ni inchi 0.012, yaani milimita 0.30, injini ikiwa baridi, kwa valvu zote 8. Ni takriban unene wa kadi nzuri ya mwaliko wa harusi. Roka inapoivuka nafasi hiyo inaigonga valvu, na kugonga huko ndiko kunakotoa mlio. Kwa hiyo injini ya aina hii, hata ikiwa nzima kabisa, hulia kidogo, mlio mwembamba ulio sawasawa. Mwalimu wangu wa gereji alikuwa akiisikia kutoka barabarani gari likija, anatikisa kichwa kwa kuridhika kabla hata hajaliona.

Nafasi hiyo imewekwa kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Valvu ya ekzosi inapitiwa na moshi wenye moto mkali mpaka yenyewe inaiva ikawa nyekundu. Njia yake kubwa ya kupoa ni kukaa kwenye siti yake, yaani ukingo wa tundu inaloliziba: inapogusa siti, joto linahamia kwenye hedi, kutoka hedi linaingia kwenye maji ya rejeta. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 1,500, ambazo ni mara 25 kwa sekunde moja. Kila ikifunga inavuta pumzi. Sasa wewe umeibana tapeti ukaimaliza ile nafasi. Gari likipata moto, hasa mlimani, valvu inarefuka, haina pa kwenda, inaning'inia juu ya siti kwa unywele mmoja. Moto unapenya hapo kila mlipuko, na pumzi ya kupoa haipo tena. Yote hayo yanatendeka kimya, dereva anafurahia jinsi gari lilivyotulia.

Sikushangaa kwamba iliyoungua ni valvu ya 5, ukihesabu kutoka mbele. Katika injini hii silinda ya 2 na ya 3 zinatumia tundu moja la kutolea moshi, hivyo valvu ya 4 na ya 5, zote za ekzosi, zinakaa bega kwa bega. Hapo ndipo mahali penye joto kuliko pote kwenye hedi nzima.

Lakini, Mhariri, kubana kulikuwa kosa la pili. La kwanza lilikuwa kutokuuliza mlio unatoka wapi na kwa nini. Nami hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu vijana wengi walio gerejini leo wana akili nzuri na mikono mizuri, ila hakuna aliyewakalisha chini akawafundisha kusikiliza.

Mlio wa valvu una mwendo wake. Kamshafti huzunguka mara moja kila krankshafti, mhimili mkuu wa injini, inapozunguka mara mbili, kwa hiyo mlio wa valvu moja ni wa nusu ya mwendo wa injini. Injini ikiunguruma taratibu, tuseme mara 800 kwa dakika, valvu moja inagonga mara 400. Sikio lililozoea linautambua huo mwendo wa polepole ndani ya kelele nyingine zinazokwenda mbio. Ukikanyaga mafuta unapanda pamoja na injini, lakini haujali kama gari limebeba mzigo au halina. Beringi za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krankshafti, ziko tofauti: hizo huguna kwa chini, tena huguna zaidi injini inapovuta mzigo, au unapoachia mafuta ghafla.

Kuhakikisha, mwalimu wangu alitufundisha kuchomoa waya za plagi moja moja injini ikiwa inaunguruma, kwa koleo yenye mpini wa mpira. Ukichomoa waya ya silinda fulani, ule mlipuko hauko tena. Kama mlio unapungua au unabadilika, tatizo liko chini, kwenye pistoni au konrodi, kwa sababu mlipuko ndio unaozisukuma. Kama mlio unaendelea vile vile, uko juu kwenye valvu, maana roka haijui kama silinda imewaka au haikuwaka. Kipimo hicho hakigharimu hata senti, na kimewaokoa watu wengi wasishushe injini bure.

Kuna ndugu wa mlio wa tapeti anayewadanganya hata mafundi wakongwe, naye ni upepo unaovuja kwenye maungio ya ekzosi. Nakumbuka Peugeot 404 moja ya teksi, mwaka 1983. Mwenyewe alikuwa ameshatengenezewa tapeti mara tatu kwa mafundi watatu. Asubuhi inalia tik-tik, jua likipanda inapungua. Nilichukua kipande cha mpira wa maji, kama urefu wa mkono, ncha moja sikioni, ya pili nikaipitisha taratibu kwenye manifoldi, lile bomba linalokusanya moshi wa silinda zote. Ilipofika kwenye ungio la silinda ya mwisho ikanipiga sikio kama kofi. Nilipoangalia kwa tochi, kulikuwa na mstari mweusi wa masizi umechorwa pale. Gasketi moja ilimaliza kesi. Chuma kilikuwa kinapanuka kwa joto na kuziba ufa chenyewe, ndiyo maana mlio ulikuwa unapungua mchana.

Mlio ukishajulikana kuwa ni wa valvu, bado kuna valvu 8. Bisibisi ndefu inasaidia: ncha kwenye tapeti kava juu ya kila valvu, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. (Na hapa niombe: funga mikono ya shati, vua kanzu, vua tai. Feni ya Morris ni ya chuma na iko karibu na unapoinama.) Halafu unafungua kava, injini ikiunguruma pole pole unaingiza bapa la filagaji chini ya kila roka, moja baada ya nyingine. Oili itakurukia, vumilia. Utakapoingiza kwenye roka yenye kosa, mlio utakatika, ukichomoa utarudi. Umempata.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Baada ya kuiona valvu iliyoungua, nilitaka kujua ule mlio wa kwanza ulitoka wapi. Nikazishika roka moja moja, nikazifuta oili kwa kitambaa, nikazigeuza kuelekea mwanga wa mlangoni. Roka ya valvu ya 4, pale ncha yake inapogusa valvu, ilikuwa na kishimo. Kidogo sana, cha mviringo, kinang'aa, kama kovu la ndui. Nikamwita mpwa wangu aliyekuwa amekaa kwenye benchi ameinamisha kichwa.

"Pitisha ukucha wako hapa."

Akapitisha. Ukucha ukaingia, ukakwama kwenye ukingo. Akaniangalia. Nikampa filagaji, nikamwambia alaze bapa juu ya ile ncha. Bapa likakaa juu ya kingo mbili za kishimo, kama ubao uliolazwa juu ya mtaro. Chini ya ubao mtaro uko pale pale, ila aliye juu hauoni.

Hapo, Mhariri, ndipo nilipoelewa tabia ya kubana kwa sikio ilikotoka, baada ya miaka yote hii ya kuilalamikia. Mpini wa valvu ni mwembamba, unaingia ndani ya kishimo. Filagaji ni pana, haiingii. Fundi mwaminifu anapima inchi 0.012 kama kitabu kinavyosema, anakaza loknati, ile nati inayozuia skrubu isilegee, anawasha, na gari bado linalia, kwa sababu nafasi ya kweli ni 0.012 kujumlisha na kina cha kishimo. Anarudia, bado. Mwenye gari amesimama kichwani pake, anauliza mbona bado. Mwisho fundi anaona kile kipimo ni uongo, anakitupa, anaanza kubana mpaka mlio uishe. Kwenye roka yenye kishimo huenda akaponea chupuchupu, akiacha kubana kabla ile nafasi iliyofichika haijaisha. Lakini mkono umeshazoea, anaendelea na roka zilizobaki ambazo hazina kishimo. Hizo ndizo anazoziua. Valvu ya 4 ya shemeji yangu, iliyokuwa inalia, ilipona. Ya 5, jirani yake, ambayo roka yake haikuwa na kishimo, ndiyo iliyoungua.

Dawa ya kishimo ni kukiondoa. Nilizisaga ncha za roka mbili, hiyo na nyingine iliyokuwa na kishimo pia, kwa jiwe laini lenye oili, taratibu, nikifuata mviringo wake wa asili, mpaka ukucha ukapita bila kukwama. Kusaga huku si kwa kila roka: ukizidisha unamaliza ngozi ngumu ya chuma na kishimo kitarudi haraka. Nikaiangalia na shafti, ule mhimili unaobeba roka zote. Kwa juu ilikuwa inang'aa vizuri, kwa chini, upande unaobeba mzigo, ilikuwa na mifereji chini ya roka zile mbili. Ukishika roka ukaitikisa juu na chini unaisikia inacheza. Mchezo huo nao ni mlio. Ndani ya shafti, nilipofungua skrubu ya kuziba mwisho wake, kulitoka oili iliyoganda nyeusi kama lami. Matundu ya kulishia roka mawili yalikuwa yameziba kabisa. Roka zilikuwa zinasugua chuma kikavu, na oili iko chini ya inchi moja kutoka hapo.

Onyo kwa atakayejaribu: nati nne kati ya zinazoshikilia nguzo za roka kwenye injini hii ndizo pia zinazoshikilia hedi. Ukizifungua peke yake hedi inajipinda na hedi gasketi inapasuka, halafu utashangaa maji yameingia kwenye oili. Mwaga maji kwanza, legeza nati zote 9 za hedi kwa mpangilio wake, kidogo kidogo. Nimeona Morris zaidi ya moja ikiharibiwa na fundi aliyetaka kusafisha shafti tu.

Na kupima kwenyewe kuna utaratibu mzuri ambao mwalimu wangu alituimbisha kama watoto wa chuo: tisa, tisa, tisa. Chomoa plagi zote, zungusha injini kwa hendeli ya mbele. Valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, pima ya 1. Ya 6 ikifunguka, pima ya 3. Ya 4, pima ya 5. Ya 7, pima ya 2. Jumla kila mara ni 9. Bapa liingie na kutoka kwa kukwaruza kidogo, kama unavuta karatasi iliyokaliwa na kitabu. Ukishakaza loknati pima tena, kwa sababu kukaza kunavuta skrubu.

Kuna jambo jingine linaloongeza hatari ya ukimya, na wenye magari ya zamani wengi hawalijui. Injini hii ilitengenezwa enzi za petroli iliyochanganywa na madini ya risasi. Siti zake za valvu zimechongwa moja kwa moja kwenye chuma cha hedi, na ile risasi ilikuwa inaacha utando juu ya siti, valvu inapotua inatua kwenye mto mwembamba. Baada ya Tamko la Dakar la mwaka 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo, na kuingia mwaka 2006 haikuwapo tena kwenye pampu zetu. Algeria ndiyo iliyokuwa ya mwisho duniani kuiacha, mwaka 2021. Ilikuwa sawa kabisa kuiondoa. Risasi inaharibu ubongo wa watoto, na hakuna injini yenye thamani ya mtoto mmoja wa Ngamiani anayecheza kando ya barabara. Lakini lazima tujue matokeo yake kwa magari haya. Bila ule utando, gari likiendeshwa kwa kasi au kwa mzigo, valvu ya ekzosi inaibandua siti chembe kwa chembe na kuzama ndani ya hedi. Inapozama, mpini wake unapanda juu kuelekea roka. Nafasi inapungua yenyewe, bila mtu kugusa kitu.

Kwa hiyo kwenye injini moja kuna ulaji wa aina mbili unaokwenda kinyume. Roka, shafti, tapeti na kamshafti zikilika, nafasi inaongezeka na mlio unaongezeka. Siti ikilika, nafasi inapungua na mlio unapotea. Mwenye gari anakimbilia gereji kwa ule wa kwanza, unaompa muda wa miezi hata mwaka. Ule wa pili anaushukuru.

Ndiyo sababu nawasihi watu waweke daftari. Shemeji yangu alikuwa nalo, la kurasa 48, mwandiko wa mwalimu, kila kipimo cha kila valvu tangu 1974. Nililikuta kwenye droo ya gari limefungwa kwa rababendi. Katika kurasa za mwisho, alipokuwa tayari mgonjwa, ameandika valvu ya 5: 0.012, kisha 0.010, kisha 0.009, kila mara akiirekebisha kurudi 0.012. Alikuwa ameshaona siti inazama. Pembeni ameandika kwa penseli: "muulize shemeji". Hakuwahi kuniuliza. Nilikaa na daftari lile mkononi muda mrefu.

Hedi nimeipeleka kwa fundi wa kerezo hapa mjini, amechonga siti nne za ekzosi na kupachika pete za chuma kigumu, kazi safi. Valvu mpya nne zimeingia, zimesagwa, mafuta ya taa hayapiti hata tone. Jumamosi iliyopita tulipanda Mombo hadi Soni, mimi, mpwa wangu na dada yangu kwenye kiti cha nyuma. Injini inalia, tik tik nyembamba iliyo sawa. Mpwa wangu sasa ndiye anayeinamisha kichwa dirishani kuisikiliza.

Nina maombi matatu. La kwanza ni kwa walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA na wenye gereji: najua magari mengi ya sasa yana tapeti zinazojirekebisha zenyewe kwa oili, na kijana anaweza kumaliza mafunzo bila kuigusa filagaji. Lakini barabarani bado kuna Land Rover za zamani, Peugeot 504, Datsun, Volkswagen za mgongo wa kobe na Morris kama hii, na kwenye mashamba kuna matrekta na pampu za maji ambazo tapeti zake hupimwa hivi hivi kwa mkono. Mpeni kijana siku moja tu na injini ya namna hiyo, na roka yenye kishimo aipitishie ukucha.

La pili ni kwa wenye magari. Msimwambie fundi "ninyamazishie". Mwambieni "nitafutie unakotoka". Na simameni pale muone kipimo kikitumika. Fundi anayekasirika kwa kuombwa kipimo, chukueni gari lenu muondoke.

La tatu ni langu binafsi. Roka zile mbili nilizozisaga hazitadumu, na shafti ile ya mifereji nayo imerudi kwa muda tu. Natafuta roka mbili za chuma cha kufua, za aina ambayo bushi yake hubadilishwa, za injini ya cc 948 au 1098, pamoja na shafti nzima. Zile za bati lililokunjwa hazinifai. Huenda zipo kwenye kontena la mtu Mombasa, Unguja au Moshi, zimevingirishwa kwenye karatasi yenye grisi, na mwenyewe hajui ni za nini. Atakayekuwa nazo aache ujumbe kwenye ofisi ya gazeti lako, nami nitalipa bei ya haki na nauli yake.

Fundi mstaafu,
Ngamiani, Tanga.